Chai ya Nzilani Haina Kalori

Kilungu,
7 Februari 1988

Mutindi mwana wa mama,

Salamu utazikuta huko chini mwisho, kwanza nikupatie maneno ingali moto. Nilifika nyumbani salama, mbuzi zako ziko, na shemasi wetu Kiema amewekwa meno mapya mpaka akiomba kanisani watu wanafungua macho waone.

Sasa sikia. Ile somo ya hospitali ya huko Kitui nimeishika yote. Wewe ulibaki nje kwa benchi, hukusikia, wacha nikufundishe. Daktari alisema hii kitovu yangu yenye imetoka nje kama limau hawezi kushona nikiwa na kilo tisini na saba. Ati tumbo yangu ni mafuta, na uzi haishiki mafuta, itakatika na matumbo itoke tena. Nikishuka mpaka tisini, atashona. Nikikawia, siku moja utumbo utajinyonga hapo ndani na nitakufa nikiita watu. Alisema hivyo tu, bila kunizungushia. Kwa hivyo mimi sichezi.

Halafu nikapelekwa kwa yule msichana wa lishe, Mumbua, mwembamba kama mti wa fagio. Huyo ndiye alinifungua macho. Kumbe chakula iko na kalori, na mtu anaweza kuzihesabu kama magunia ya mahindi. Mimi kwa siku ni elfu moja na mia tano, basi. Nikamwambia, mama, mimi niliwacha shule darasa la tatu, hiyo elfu nitaichunga na nini? Akacheka, akauliza kama nyumbani niko na mbaazi. Kwani nani huku hana mbaazi. Akasema mbaazi moja iwe ni kalori hamsini. Asubuhi natia mbaazi thelathini kwa mkebe, nikikula natoa. Ugali kama ngumi, toa nne. Kikombe ya isyo, mahindi na maharagwe, toa tano. Kijiko kidogo ya mafuta, moja. Nusu avocado, tatu, na unajua huku Kilungu avocado tunapatia hata mbwa. Mkebe ikiwa tupu, funga mdomo ulale.

Na kosa kubwa ya watu, ati ni kijiko. Alinipa kijiko nipime sukari vile mimi hupima, nikapima, akachukua kisu akakwangua juu, na ile ilianguka ilikuwa mingi kuliko ile ilibaki. Akasema hiyo mlima ndio inanenepesha watu. Hata ile unaonja ukipika, hesabu. Nilitoka hapo nikijiona mwalimu.

Shida yangu ni moja, na iko jikoni. Unajua moshi ilinishinda, mke wa mwanangu Kiilu ndiye anapika. Na huyu Waringa ni binti ya hoteli. Baba yake Gicheru ako na ile hoteli ya Kambu kando ya barabara ya Mombasa, pale malori zinasimama, na msichana amelelewa kwa mafuta kama chapati. Nikiingia jikoni anafunika sufuria. Mwiko anaosha mbio. Mutindi, mtu haoshi mwiko mbio hivyo kama hana neno. Kiilu ako kwa lori, leo Mombasa, kesho Kampala, hayuko wa kuona. Mimi nikienda na hii kitovu, jiko inabaki ya nani? Sisemi kitu. Nimeweka macho tu. Lakini nikimpata na kijiko ya mlima, atarudi Kambu kwa baba yake siku hiyo hiyo.

Jana nililala na mbaazi tatu zimebaki kwa mkebe, sikuzigusa, ujue dada yako ni mtu. Mchana nilikuwa kwa Nzilani, ananiambia mchumba wa binti yake kumbe ako na bibi mwingine Machakos. Akanipatia chai na mandazi mbili, tukaongea mpaka ng'ombe zikarudi. Nikirudi nikapitia kwa Mama Mutiso, nikakunywa ingine kidogo na kiazi tamu, kwa sababu hajui habari ya Machakos na ingekuwa vibaya aisikie kwa watu wabaya.

Sasa ndio salamu. Wasalimie wote.

Ni mimi dada yako,
Kaluki


Kitui,
20 Februari 1988

Dada Kaluki,

Barua imefika. Mimi ni mzima, cherehani inalia tu, watu wanashonesha nguo za shule.

Swali langu ni moja. Ile chai ya Nzilani na mandazi mbili, ulitoa mbaazi ngapi? Na ya Mama Mutiso, pamoja na kiazi? Usiniandikie kurasa tatu. Niandikie namba.

Waringa mwache. Mtu akifunika sufuria ni kwa sababu ya nzi. Akiosha mwiko mbio ni kwa sababu mama mkwe amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

Mdogo wako,
Mutindi


Kilungu,
6 Machi 1988

Mutindi,

Barua yako imenichekesha na tena imeniuma. Unaniuliza nimetoa mbaazi ngapi ya chai ya Nzilani? Sikutoa hata moja. Wewe umekaa Kitui mpaka ukasahau mama alitulea vipi? Chakula umepewa kwa nyumba ya mtu haihesabiwi. Ukihesabu kile mwenzako amekupakulia, umemwonea jicho, na chungu yake itakauka. Nikae hapo kwa stuli ya Nzilani nikihesabu mandazi yake, si ni kama namroga na watoto wake? Na tena hiyo si yangu. Yeye ndiye alinunua unga, yeye ndiye alikaanga, hiyo kalori iko kwa hesabu yake. Mumbua alisema nihesabu chakula yangu. Yangu ni ile imetoka kwa jiko yangu.

Sasa wacha nikupatie ile ya kweli. Jana nilipimwa kwa dispensari ya hapa. Tisini na nane. Mutindi, nimeongezeka. Nilishuka kwa hiyo mzani nikapanda tena, nikatoa viatu, nikatoa na kitambaa ya kichwa, ikakaa hapo tu. Muuguzi akaniangalia kama mimi ni mwongo. Na mimi kila siku mbaazi zinabaki.

Basi nilishajua. Nilikuwa nimeanza kumchunguza Waringa. Nilichukua isyo yangu nikaweka kidogo juu ya karatasi, nikaangalia kama itang'ara. Iking'ara ni mafuta. Iling'ara. Si sana, lakini iling'ara. Nikachukua mkebe ya mafuta nikaweka chini ya kitanda changu, na kila siku naenda jikoni na kijiko yangu imekwanguliwa na kisu, natia mwenyewe nikisimama hapo. Sukari pia iko chini ya kitanda. Avocado nimemwambia hakuna. Na kilo imepanda. Sasa nikuulize wewe mtu wa mji: mafuta niko nayo mimi, kijiko niko nayo mimi, na kilo imepanda. Si ni wazi ako na mafuta ingine amezika mahali?

Nimetafuta nyuma ya choo na kwa ghala. Bado.

Yeye anatii tu. Nikimwambia sahani yangu ibadilishwe na yake, anabadilisha. Nikimwambia aonje kwanza, anaonja. Ananiangalia na hiyo macho ya upole, na unajua mtu mpole ndiye wa kuogopa. Mama Mutiso pia amesema hivyo. Tulikuwa kwake kwa mkutano wa kupanga harusi moja ya hapa kijijini, kulikuwa na pilau na chapati, nikawaeleza wote habari ya kalori mpaka wakashangaa vile najua.

Nimekata neno. Baada ya Pasaka napimwa tena. Kilo ikiwa haijashuka, Waringa anaenda. Sitangoja utumbo ijinyonge ndio Kiilu aniulize mbona sikusema.

Ni mimi,
Kaluki


Kitui,
14 Machi 1988

Waringa mwanangu,

Hii barua nimempa mama wa kanisa akupe mkononi, kwa sababu bahasha ikipitia kwa dada yangu ataifungua na mvuke.

Ameniandikia kwamba unamtilia mafuta. Mimi najua humtilii. Najua pia kilo zinatoka wapi. Kila mchana anatembea nyumba mbili, tatu, na kila nyumba ni chai ya maziwa, sukari ya kujaa na mandazi, na hiyo yote hahesabu kwa sababu mama yetu alituambia ni jicho baya. Hilo nami niliambiwa. Simlaumu sana.

Nimemwambia, amekasirika. Nikimwambia tena ataacha kuniandikia. Kumkataza kutembea haiwezekani, labda umfunge kamba. Na hawezi kukataa kikombe kwa nyumba ya mtu, ni aibu. Basi nakuomba hivi. Nenda kwa Nzilani, nenda kwa Mama Mutiso, na hao wengine anaowazoea. Waambie kitovu kinaweza kumuua. Wampe turungi, chai kavu bila maziwa wala sukari, na mandazi wafiche. Wamkaribishe vilevile, waongee naye vilevile, lakini wasimwambie kitu.

Nawe usimwambie. Akijua ni mimi nimepanga, atakula mandazi yote ya Kilungu ili kunionyesha. Niahidi.

Anti yako,
Mutindi


Kilungu,
24 Machi 1988

Anti Mutindi,

Nimeenda kote ulikoniambia. Nzilani alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakubali. Mama Mutiso aliniuliza kama nimechoka kumlisha mama mkwe ndio nawapa wengine kazi ya kumnyima. Nilimwelezea vile utumbo unajinyonga, nikamwonyesha na mkono, naye akakubali. Wameanza turungi tangu Jumatatu.

Nimeahidi na sitasema. Lakini Anti, mwaitu, mama yetu huyu, ananifuata. Jana nilimwona amejificha nyuma ya mti wa avocado, na yeye si mtu wa kujificha nyuma ya mti. Nilipita kama sijaona. Jioni alihesabu maharagwe kwenye sahani yangu na kwenye sahani yake.

Amesema kilo zisiposhuka kufika Pasaka nimeshindwa, nitarudi Kambu. Mimi sijui nashindwa na nini, si mimi ninapimwa. Baba yangu alinikataza kuolewa Ukambani, alisema watanichoka. Sitaki Kiilu ashuke kwa lori anikute nyuma ya kaunta ya baba.

Nikumbuke kwa maombi,
Waringa


Kilungu,
10 Aprili 1988

Mutindi mwana wa mama,

Kaa chini. Imekwisha, na nilikuwa na haki.

Kwanza nilianza kuona watu wamebadilika. Naingia kwa Nzilani, ananipatia turungi kavu, nyeusi kama lami, hata sukari hakuna. Nzilani, ambaye chai yake kijiko inasimama! Nauliza mandazi, anasema unga imekwisha, na mimi naona unga hapo kwa debe. Naenda kwa Mama Mutiso, turungi. Naenda kwa mke wa shemasi, turungi. Nikiingia wanaangaliana, nikitoka nasikia mlango ikifungwa polepole. Ile ya matanga ndiyo mtu anapewa turungi, Mutindi, na mimi sijafiwa. Nilirudi nyumbani nikajiuliza nimekosea nani. Hata habari ya bibi wa Machakos hawakutaka kumaliza, na iko na mwisho tamu sana, nitakuambia.

Basi nikamfuata huyu msichana. Ameenda kwa Nzilani, mimi nyuma yake. Nikasimama kwa ukuta. Sikusikia yote, lakini hii nilisikia na masikio yangu, anamwambia Nzilani: "Mwaitu asijue."

Nilimngoja nyumbani. Nikamuuliza, "Ulikuwa unasema nini huko kwa Nzilani ambayo mimi sitakiwi kujua?"

Akasema, "Siwezi kukuambia, mwaitu. Niliahidi mtu."

Niambie wewe kama kuna mtu mwenye kitu safi anajibu hivyo. Nikajua ameenda nyumba kwa nyumba ananichafua, ati mimi ni mchawi wa kuhesabu chakula, ndio watu wananifungia sukari. Nikaingia chumba yao nikamfungia nguo kwa leso nikaweka mlangoni. Hakulia. Alifagia jiko, akafunika moto na majivu, akabeba ile leso akaenda. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa sikia utamu. Jumamosi nimepimwa. Tisini na nne! Muuguzi mwenyewe aliniambia hongera mama. Amekaa siku chache tu nje ya jiko yangu na kilo nne imeanguka. Hata wewe utasema nini? Ushahidi ni huo, mzani haina ukabila na haina ujamaa.

Nyumba iko kimya kidogo. Napika mwenyewe, moshi inaniliza, lakini hiyo ni moshi tu.

Dada yako,
Kaluki


Kitui,
17 Aprili 1988

Dada Kaluki,

Soma hii ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Yule mtu Waringa alimwahidi ni mimi. Mimi nilimwandikia aende kwa Nzilani na wengine, awaambie wakupe turungi na wafiche mandazi. Hakukuchafua. Aliwaambia kitovu kinaweza kukuua, wakusaidie. Na nilimkataza kukuambia, kwa sababu nakujua. Kama kuna mtu wa kufungiwa nguo kwa leso ni mimi, na mimi niko mbali.

Kilo nne hazianguki Alhamisi mpaka Jumamosi. Hata ng'ombe akichinjwa hazianguki hivyo. Zimeanguka kidogo kidogo tangu turungi ianze, na Waringa alikuwa jikoni kwako karibu siku hizo zote akikupikia.

Nilikosea kumbebesha siri yangu. Lakini wewe ndiye ulimfukuza. Kiilu akirudi atakuuliza, na Gicheru si mtu wa kurudisha binti kama chupa ya soda. Mtafute kabla mambo hayajakauka.

Mutindi


Kitui,
8 Mei 1988

Dada Kaluki,

Umenyamaza, na kunyamaza si kawaida yako, kwa hivyo naogopa.

Nilienda hospitali. Daktari amekuwekea kitanda Jumanne tarehe ishirini na nne, kama utafika na kilo tisini. Njoo siku moja kabla ulale kwangu. Ukikosa, hajui atakupa lini, watu ni wengi.

Mutindi


Kilungu,
15 Mei 1988

Mutindi,

Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nakuchunguza wewe.

Barua yako nilipoisoma nilisema huyu dada yangu amehongwa na Gicheru, au Waringa amemwandikia akimlilia, na amejitia mbele kumfunika. Sikuamini. Nikakaa hivyo siku nyingi. Halafu nikaona mimi si nina miguu. Nikaenda kwa Nzilani, sikusalimu, nikamwambia aniambie, na akinidanganya nitajua kwa pua yake.

Akaweka kikapu chini. Akasema, "Kaluki, huyo msichana alinipigia magoti hapa juu yako. Nikamwambia si akukataze tu kutembea. Akasema hapana, mwaitu akikosa nyumba za kwenda kuongea atakufa kabla ya kitovu."

Mutindi, mimi nilikuwa nimesimama na nikatafuta stuli.

Halafu nikasema basi tuione hiyo hesabu. Lakini mimi siwezi kuhesabu chakula ya Nzilani, hiyo bado sitafanya mpaka nizikwe. Nikampatia mkebe yangu na mbaazi, nikafunga macho, nikamwambia wewe ndiye mwenye chungu, hesabu wewe. Akahesabu vile alikuwa ananipatia zamani siku moja ya kawaida. Maziwa, sukari ya mlima, mandazi. Akaongeza ya Mama Mutiso, maana wanajuana. Nilikuwa nasikia tu zikilia, tak, tak, kwa bakuli. Nikafungua macho. Zilikuwa ishirini na sita, na zile thelathini zangu za nyumbani hazijaguswa. Nilikuwa na tumbo mbili, Mutindi, moja kwangu naichunga kama askari, na ingine inakula kijiji yote.

Mafuta ya kuzikwa hayakuwako. Nilichimba ghala bure.

Kiilu amefika wiki iliyopita. Aliingia na mzigo wa samaki ya Kisumu akiita Waringa. Nikamwambia yote, hiyo nayo ilikuwa kazi. Hakunigombeza. Alitoka na samaki yake akaenda Kambu, na amerudi peke yake. Gicheru amemwambia, "Wewe hukumfungia nguo. Aliyemfungia aje." Na ameweka siku, ndugu zake wanashuka kutoka Murang'a, anataka wasikie. Ni Jumanne. Tarehe ishirini na nne.

Ndio. Hiyo hiyo.

Jana nimepimwa, tisini kamili, muuguzi amenishika mkono. Uzi ingeshika. Lakini mwambie daktari hiyo kitanda ampatie mtu mwingine. Hospitali itanipatia siku ingine, hata ikikawia. Gicheru hanipatii. Usiniandikie ati kitovu haingoji, najua haingoji, ndiyo iko kwa tumbo yangu. Imeanza kuuma nikikohoa.

Na wewe nikikuona tutaongea hii maneno ya kutuma msichana wa watu na siri. Sijamaliza na wewe.

Kaluki


Kitui,
20 Mei 1988

Dada,

Daktari amenigombeza mimi kama ndimi mwenye kitovu. Amesema Jumanne inayofuata, tarehe thelathini na moja, na ni ya mwisho. Funga tumbo na leso, usibebe kitu, usikohoe. Kikivimba kikawa kigumu usingoje Gicheru wala ndugu zake, lala kwa gari lolote likulete huku.

Nilitaka kuja Kambu niseme ni mimi. Halafu nikaona nikija utaniweka mbele yako kama ngao. Hii nenda nayo mwenyewe.

Mutindi


Kambu,
25 Mei 1988

Anti Mutindi,

Mwaitu alifika jana. Alikuja peke yake, bila mzee wa kumsemea, na baba zangu wadogo walishangaa, maana kwetu na kwenu mambo hayaendi hivyo. Alikuwa amejifunga leso mbili tumboni. Mama yangu Wariara alimpa kiti, yeye akabaki amesimama.

Hoteli ilikuwa imejaa, madereva wanakula. Baba hakufunga mlango. Nadhani alitaka aone haya. Akamuuliza mbele ya watu, "Mama, binti yangu ulimfungia nguo kwa nini?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta. Nilijua ataanza na salamu, aingie kwa shemasi na meno yake, apite Machakos, na tutafika jioni bado hajajibu. Hata Kiilu, aliyekuwa ametangulia na lori, aliinamisha kichwa akingoja hiyo safari.

Akasema, "Nilimsingizia. Sikuona kitu. Nilifikiria tu, nikafanya."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Anti, sijawahi kumwona mwaitu akimaliza kusema. Baba naye alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi, akabaki na taulo begani hajui aiweke wapi. Baba mdogo mmoja akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akaniuliza kama nitarudi Kilungu. Nikasema hilo sijajibu.

Sijajibu mpaka sasa, na Kiilu nimemwambia vivyo hivyo, angoje. Siku nilizokaa hapa nimefikiria mengi. Kuhesabiwa maharagwe kwenye sahani si kitu cha kusahau kwa neno moja, hata kama hilo neno lilikuwa fupi na la kweli. Leo asubuhi nikimpakulia uji aliangalia mkono wangu. Akaona nimemwona, akageuza macho dirishani. Nami nilikuwa namwangalia yeye. Hivyo ndivyo tuko.

Lakini ile maumivu imezidi. Alikaa hapa mbele ya wazee saa nzima na jasho likimtoka, hakusema inauma, niligundua nilipomshika mkono kumpeleka chumba cha nyuma. Hawezi kuja Kitui peke yake. Nitamleta mimi. Nitakaa kando ya kitanda mpaka ashonwe na aamke, na chakula chake cha hospitali nitampimia mbele ya macho yake, kijiko kwa kijiko. Baada ya hapo ndiyo nitajua naenda wapi. Nikikubali kurudi, nitamwambia yeye mwenyewe usoni, si kwa barua na si kwa kupitia mtu.

Na wewe Anti, nakuheshimu, lakini kitu kingine ukitaka nikifanye kwa siri, usiniandikie.

Tutafika Ijumaa mchana. Tandika vitanda viwili, tafadhali. Hapo pa kulala kitanda kimoja bado hatujafika.

Waringa